Chupa Iliyoitwa Baunsa

"Hodi humu. Nimekuja kumwona mdogo wangu."

Kifaranga hakugeuka papo hapo. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya kabati la kioo, pipeti ya kunyonyea majimaji mkono wa kulia, kizibo cha chupa kimebanwa na kidole cha mwisho cha mkono huohuo, na kazi ile haimtaki mtu wa kugeukageuka. Alifunga chupa kwanza, akavua glavu, ndipo akamtazama mgeni.

Alikuwa mwanamume wa makamo, kifua kama mlango, miwani myeusi ya kuchomelea vyuma ameipandisha kwenye paji la uso kama macho ya akiba. Shati lake lilikuwa limetobolewa na cheche, vitundu vidogo vidogo kifuani kote. Juu ya kichwa chake bango la herufi nyekundu lilikataza watu wasiohusika kuingia, naye alisimama chini ya bango hilo bila wasiwasi, kana kwamba yeye ndiye anayehusika kuliko wote.

"Wodi ziko jengo la pili, kaka," Kifaranga alisema kwa upole. "Hapa ni maabara. Hatulazi wagonjwa."

"Wodi nazijua, dada. Nimezikalia hadi nimezichoka. Mdogo wangu amekufa." Alilisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. "Ila nesi mmoja kaniambia kile kivimbe walichomtoa kwenye ini hakijafa. Eti kinaishi huku, kinalishwa. Ni kweli, au alikuwa ananifariji?"

Kwenye sinki, Mjomba aliacha kusugua. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi wa maabara wa miaka mingi, na wote walimwita hivyo. Yeye ndiye aliyempa Kifaranga jina lake, siku alipomwona, mwanafunzi mpya na mdogo kuliko wote, amejikunyata mbele ya kabati la joto akichungulia seli zake kana kwamba anasubiri zianguliwe.

"Kufariji gani huko," Mjomba alinung'unika. "Huyo nesi angesoma ualimu wa watoto wadogo."

"Alikuwa kijana wa mazoezi?" Kifaranga aliuliza, ingawa moyo wake ulikwishajibu.

"Mikono hivi." Yule fundi wa kuchomelea alionyesha kwa viganja vyote viwili.

Chupa za mle ndani hazikuwa na majina ya wenyewe. Sheria ilikataza, zilibandikwa herufi na tarakimu tu. Lakini mtu akilisha kitu kila siku hawezi kukiita tarakimu. Hata kazi yenyewe waliiita kulisha watoto, na asubuhi salamu yao ilikuwa "Umewalisha?" kabla ya "Umeamkaje?" Basi chupa zilipata majina ya utani. Moja iliitwa Bibi Harusi, kwa sababu seli zake zilitaka kubembelezwa. Nyingine iliitwa Mvivu. Na ile ambayo daktari mpasuaji aliileta akisema ametoka kumpasua kijana mwenye misuli kama kamba za meli, hiyo waliiita Baunsa. Siku ile waliona inachekesha.

Kifaranga alimtazama Mjomba, akiomba msaada kwa macho. Kumwonyesha mgeni kitu kama hicho ilikuwa makosa.

"Mimi sijaona mtu," Mjomba alisema, akirudia vyombo vyake. "Naosha hapa, povu limeniingia machoni."

Kwa hiyo alimwonyesha. Alitoa chupa bapa kwenye kabati la joto, akailaza chini ya darubini, akarekebisha mwanga, akampisha. Fundi alivua miwani yake, akaifuta kwa ukosi wa shati ingawa hakuwa na haja nayo, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Mbona wametulia? Wamelala?"

"Hazijalala. Zinakua, ila polepole. Huwezi kuziona zikikua, kama usivyoweza kuona kucha ikirefuka."

"Na hivi ndivyo vilivyomuua."

"Ndiyo, kaka."

Alipoinua kichwa, aliona plasta ubavuni mwa chupa, imeandikwa jina la utani kwa kalamu ya wino mzito. Alisoma. Kifaranga alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Baunsa," fundi alisema. Akacheka, kicheko kifupi kilichoishia puani. "Jamani. Tangu mtoto walikuwa wakimwita Njiti. Shuleni Njiti, mtaani Njiti. Maisha yake yote alitaka watu wamwite hivi." Akaufuta uso kwa mkono uleule wenye masizi, akajichora mstari mweusi shavuni.

Mjomba, kimyakimya, alisogeza kiti karibu naye. Alikaa. Na alipokaa, ndipo alipotoa kilichomleta.

Mdogo wake alizaliwa dhaifu, na tangu utotoni alikuwa na homa ya ini. Mama yao alikuwa akimfunika nguo tatu tatu ili asionekane mwembamba. Alipokua akaanza kunyanyua vyuma, na vyuma vyenyewe kaka yake alimtengenezea karakanani kwa gia kuukuu za malori. Lakini mwili haukuja. Ndipo jamaa mmoja wa ukumbi wa mazoezi akasema kuna sindano za homoni, za kukuza mwili, si za kila mtu, ila wenye nia wanazipata.

"Nilimnunulia mimi," fundi alisema. "Tena nilimchoma mimi mwenyewe, maana yeye alikuwa anaogopa sindano. Mwanaume mzima anafumba macho. Akanenepa, dada. Ungemwona! Alikuwa anapita mlangoni ubavu ubavu hata pasipo sababu. Halafu tumbo likaanza kumuuma." Akaizungusha miwani mikononi. "Mama ananiuliza kila siku: mwanangu alikula nini, alikunywa nini, nani kamroga. Nakaa naye mezani, chakula hakipiti. Wewe unavilisha hivi vitu, unavijua. Niambie. Ni mimi?"

Kifaranga alikuwa na jibu tayari. Lilikuwa ndiyo kazi yake ya miezi yote ile, na lilikuwa jibu jema. Alitaka kujua ni nini hasa kinachousukuma uvimbe wa ini: jeni ya saratani peke yake, au jeni hiyo pamoja na vichocheo vya ukuaji, zile protini ambazo mwili hutumia kuziambia seli "kueni". Na visahani vyake vya kukuzia seli vilijibu waziwazi. Seli za Baunsa, zenye jeni iliyoharibika, zilikua hata alipozinyima vichocheo. Jeni ilitosha. Profesa wake alifurahi mno, na jopo la wafadhili wa masomo lilikuwa limekwisha kumchagua kwa sababu ya kazi hiyo. Alibakiza tu kuiwasilisha mbele yao.

"Kwa nilivyoona mimi," alianza, "hapana. Uvimbe ungekua hata bila—"

"Una hakika?"

Alimtazama machoni. Hakuwa na shaka. Ila mtu yule alimwangalia kama anayesubiri kukatiwa kamba au kunyongwa nayo, na Kifaranga aliona haya kumpa jibu la haraka.

"Nitarudia jaribio," alisema. "Kwa ajili yako. Nitaweka visahani vya aina mbili. Vingine nitavipa kichocheo kilekile ambacho sindano zile hulifanya ini likitengeneze. Vingine sitavipa kitu."

"Bila kitu kabisa?"

"Bila kitu kabisa. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuwa na jibu."

Fundi alisimama, akaipandisha miwani yake kichwani. "Basi uje wewe mwenyewe. Karakana yangu iko nyuma ya stendi, uliza fundi mageti. Saa kumi nakuwa nimefunga kazi. Na kitu kimoja, dada. Daktari alipotuambia kuhusu mdogo wangu, alituambia amesimama, mkono ameshika kitasa cha mlango. Alipomaliza tu kutamka, hayupo. Wewe ukija, liwe zuri liwe baya, kaa chini. Usiondoke mpaka nimemaliza kuuliza."

"Nitakaa," Kifaranga alisema. "Nakuahidi."

*

Jumatatu alipanga visahani. Alitumia seli za Baunsa, na kwa kulinganisha akatumia seli za ini lisilo na ugonjwa. Alizisafisha mara kadhaa ili zisibakiwe na lishe yoyote ya zamani, kisha akaanza kuzinyima.

Kufikia Jumatano zile zilizonyimwa zilikuwa zinatia huruma. Zilikuwa zimejikunja, nyingine zimeachia sahani na kuelea. Kifaranga aliifungua friji, akatoa kichupa cha seramu, ule umajimaji wa damu ya ndama unaolisha seli za maabara zote, akavuta tone dogo sana kwa pipeti. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mama unaovuta shuka kumfunika mtoto. Ndivyo alivyofanya siku zote. Tone tu, zisife zote akakosa cha kupima. Hakuwahi hata kulisema, kwa sababu nani husema kwamba amepumua?

Pipeti ilikuwa imefika juu ya kisahani aliposikia sauti ya yule fundi, wazi kabisa, kana kwamba bado ameketi kwenye kiti cha Mjomba. Bila kitu kabisa?

Alisimamisha mkono. Tone lilining'inia kwenye ncha.

Seramu ni nini? Ni damu ya mnyama mchanga, anayekua. Na ndani ya damu ya mnyama anayekua mmejaa nini, kama si vichocheo vya ukuaji?

Alilirudisha tone kichupani, akafunga friji, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wake wa baridi.

Ijumaa asubuhi visahani vilimwambia alichokuwa amekwisha kukijua. Seli za ini lenye afya zilizopewa kichocheo zilikua kidogo, zikagusana, zikatulia, kama majirani wanaoheshimu mpaka. Seli za Baunsa zilizonyimwa kabisa, zile zilizobaki, zilikuwa hai lakini zimekaa palepale. Jeni ilikuwa nazo, na haikuzipeleka mbali. Lakini Baunsa aliyepewa kichocheo alikuwa amefurika. Seli zilipandana, zikarundikana, zikajaza kisahani mpaka ukingoni. Jeni peke yake haikutosha. Haikuwahi kutosha. Miezi yote ile ni lile tone lake lililokuwa likiisaidia.

"Mjomba," aliita.

Mjomba alichungulia darubini, akasikiliza maelezo, akavua kofia yake na kuivaa tena.

"Sasa sikiliza mtu mzima," alisema. "Yule bwana anataka kusikia hapana. Mpe hapana yake, ale, alale. Unafikiri mdogo wake atafufuka ukisema vingine?"

"Nilimwambia liwe zuri liwe baya."

"Mimi nilimwambia mke wangu nitaacha kukoroma."

Kifaranga hakucheka. Mjomba naye hakucheka. Akamgusa bega, akarudi kwenye sinki lake.

Profesa alikuwa mama wa sauti ya chini, ambaye akikasirika sauti inazidi kushuka. Kifaranga alipomweleza kuhusu tone, alibaki anatazama mikono yake mezani.

"Kila siku?"

"Kila nilipozinyima, Profesa. Nilidhani halihesabiki."

"Ulizihurumia."

"Ndiyo."

"Huruma hiyo imekula matokeo yako yote, mwanangu." Hilo alilisema kwa sauti iliyoshuka hadi karibu kupotea. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kushika simu. Alizungumza na mwenyekiti wa jopo, akanyamaza, akazungumza tena, akakata. "Anasafiri leo jioni. Amekubali kukusikiliza kabla hajaondoka. Ukijieleza mwenyewe, kwa uwazi kama ulivyonieleza mimi, anaweza kukuachia nafasi yako. Usipoonekana, anampa anayekufuata. Saa kumi, ofisini kwake."

"Saa kumi nina mtu."

"Mtu gani?"

Alimweleza. Profesa alisikiliza, akavua miwani.

"Kwanza, hukupaswa kumwonyesha chochote. Pili, kisahani si mtu. Hujui ndani ya mwili wa yule kijana kulitokea nini, na hutajua. Sisi si wapiga ramli, watu waje kutuuliza nani kaua. Mwendee kesho, umwambie hivyo."

"Nilisema leo. Amengoja wiki nzima."

"Mpigie simu basi."

Alipiga namba ambayo fundi alikuwa amemwachia. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Akamwona kwa mawazo yule mtu katikati ya kelele za msasa na nyundo, simu inalia juu ya benchi bila kusikika, naye akitazama jua lilipofika. Halafu saa kumi inafika, saa kumi inapita. Akiwa ofisini kwa mwenyekiti angekuwa anaeleza kosa lake kwa watu wasioumizwa nalo, na aliyeumizwa angekuwa amekaa anatazama mlango.

*

Karakana ilikuwa uani, kati ya kuta mbili, na mageti yasiyokamilika yameegemezwa kila upande. Fundi alikuwa anakata bamba la chuma. Alipomwona, alifunga mitungi, moto ukakohoa, ukazimika. Akavuta benchi la mbao, akalifuta vumbi kwa glavu.

Kifaranga akakaa. Akaiweka mikono magotini.

"Jeni ilikwisha kuharibika kabla hujanunua chochote," alianza. "Hilo nina hakika nalo. Homa ya ini aliyokuwa nayo tangu utotoni inaweza kufanya hivyo, polepole, bila mtu kujua. Wewe hukuuanzisha ule ugonjwa."

"Lakini."

"Lakini seli zake zilipokosa kichocheo zilikaa. Nilipozipa, zilikimbia." Akamtazama usoni. "Siku ile nilitaka kukuambia hapana. Nilikuwa nimekosea. Sindano huenda zilichangia kuuharakisha. Ni kwa kiasi gani, sijui, kaka. Kisahani si mtu, na hakuna awezaye kukupimia."

Fundi alitazama mitungi yake miwili, imefungwa pamoja kwa mnyororo.

"Ukiwasha gesi hii peke yake," alisema mwishowe, kama anayezungumza na mitungi, "inawaka. Moto mvivu, unatoa masizi tu, haukati hata waya. Ukifungulia na hii nyingine, unakata reli." Aliweka kiganja juu ya mtungi wa pili, juu ya kifungulio chake. "Kwa hiyo mimi nilifungulia hii."

"Hukujua kama ile ya kwanza inawaka. Hakuna aliyejua."

"Ungesema tu hapana!" Alipiga teke bamba la chuma, likalia uani kote, na kutoka ng'ambo ya ukuta mtu akauliza kama kuna usalama. "Nilikuja pale nisikie hapana. Ulikuwa nayo mdomoni, nilikusikia ukianza kuisema!"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Nilikuwa nazipa tone la chakula zile nilizosema nimezinyima," Kifaranga alisema. "Kwa siri. Hata mimi mwenyewe nilikuwa kama sijui. Ndiyo maana nilikuwa na hapana."

Fundi akageuka. "Kwa nini?"

"Nilikuwa naziona zinakufa. Nilishindwa."

Yule mtu alimtazama kwa muda, kifua kinapanda na kushuka. Kitu fulani usoni mwake kililegea. Haukuwa msamaha, ni uchovu tu.

"Mimi nilikuwa namwona anakonda," alisema. Akampa mgongo, akaingia ndani ya kibanda cha zana, akakaa huko.

Simu ilitetemeka mfukoni mwa Kifaranga. Alijua ni Profesa. Kutoka pale hadi ofisini kwa mwenyekiti hapakuwa mbali, na mwenyekiti pengine alikuwa bado anafunga mkoba wake. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa. Lililobaki ni mtu kulia gizani kwenye kibanda cha zana, na hilo halikuhitaji shahidi. Geti la uani lilikuwa wazi, hatua chache tu kutoka benchi lilipokuwa. Aliliangalia. Komeo lake lilikuwa jipya, bado halijapakwa rangi.

Simu ilitetemeka tena, ikatulia, ikatetemeka. Aliitoa, akaizima, akairudisha mfukoni. Machozi yalimtoka kwa hasira, hakujua ni hasira ya nani, akayaacha yatoke.

Jua lilikuwa limeacha ukuta mmoja na kupanda wa pili fundi alipotoka, macho mekundu, uso umeoshwa vibaya. Alimkuta palepale benchini. Alisimama akamtazama kidogo, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kukuta benchi tupu. Kisha akaokota ndoo ya rangi iliyokwisha, akaipindua, akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Nitamwambia mama leo," alisema. "Kwa hiyo nifundishe namna ya kumwambia. Anza tena mwanzo. Ini ni nini, linafanya nini. Taratibu, maana yeye anauliza kuliko mimi."

Kifaranga akafuta pua kwa mkono wa koti lake jeupe, akaanza mwanzo.